Norman Tranter na Herufi Ndani ya Duara

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Beryl, dada yake marehemu, niliyebaki peke yangu katika watoto wa Wilfred Tranter. Karatasi mliyopewa mlangoni ina wasifu ulioandikwa na Lorna, binti wa marehemu, na tarehe zake zote ni sahihi kwa sababu nilizikagua mwenyewe. Ila ukurasa wa tatu kuna sentensi inayosema kwamba Keith Parkes alifariki kwa uzembe wa Norman. Sentensi hiyo ni ya uongo. Lorna hana kosa, ndivyo alivyoambiwa tangu utotoni na ndivyo mahakama ilivyosema. Nitausoma wasifu kwa mpangilio wake, nami nikifika hapo nitaeleza nani hasa alimuua Keith. Bwana Desmond Parkes, mdogo wake Keith, nimekuona umeketi safu ya nne. Nakuomba usitoke kabla sijamaliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1944, mtaa wa Ladywood, hapa Birmingham, katika nyumba ambayo madirisha yake ya mbele yalikuwa mbao tupu, vioo vikiwa vimepasuliwa na mabomu. Baba yetu alikuwa mfua shaba ya manjano. Alitengeneza rejeta, taa na matangi ya magari ya kale, yale ya matajiri wanaopenda kuendesha vitu vilivyozaliwa kabla ya babu zao. Karakana ilikuwa uani, na mlio wa nyundo ulituamsha kabla ya mama kutuamsha. Baba alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga Norman kwa mpini wa nyundo ya mti, kwa mkanda, mara nyingine kwa chochote kilichokuwa juu ya meza. Kila mfua shaba anajua kwamba bamba ukiligonga mfululizo linakuwa gumu kisha linapasuka, kwa hiyo unalipitisha motoni lilainike ndipo uendelee. Baba alilijua hilo kwa shaba. Kwa mwanawe alisahau kipande cha moto na kulainisha, akawa anagonga tu.

Alisoma shule ya mtaani kuanzia mwaka 1949. Alijua hesabu za vipimo vizuri kuliko mwalimu wake, lakini taarifa zake za kila muhula ziliandika kupigana tu. Mwaka 1957 mwalimu alimchapa fimbo viganjani mbele ya darasa, Norman akaikamata ile fimbo hewani, akaivunja gotini, akamrudishia vipande viwili kwa adabu. Aliacha shule Julai 1959, akiwa na miaka kumi na mitano. Wiki hiyo hiyo Baba aliniinulia mkono mimi kwa sababu ya kumwaga chai. Nilikuwa na miaka tisa. Norman alinyanyuka mezani, akampiga Baba ngumi ya mdomo, na Baba akaanguka na kiti chake.

"Umenipiga mimi?" Baba aliuliza, damu ikimtiririka kidevuni.

"Nimekupiga. Mguse Beryl tena, narudia."

Baba alitema meno mawili kiganjani, akayatazama kwa muda. Kisha akacheka. "Ngumi nzuri hiyo, mshenzi wee. Kesho saa moja asubuhi uwe karakana."

Hiyo ndiyo barua ya kuajiriwa aliyoipata kaka yangu. Hakuandikiwa nyingine.

Kazini marehemu hakuwa na mfano, na hapa sisemi kwa sababu ni maiti. Aliweza kulitazama bamba tambarare akaiona taa ndani yake. Alilikata, akalipiga juu ya mfuko wa mchanga mpaka likajikunja kama bakuli, akalipitisha motoni, akalipiga tena. Fito za kuchomelea hakununua. Alizikata kutoka pembe za bamba lile lile, kwa sababu shaba ya dukani ina rangi yake, na mimi nikishaung'arisha mshono ingejitokeza kama kovu. Kung'arisha ilikuwa kazi yangu tangu nilipotimiza miaka kumi na mitano. Tupa, kisha msasa, kisha gurudumu la kitambaa, kisha mkono mtupu na unga laini, mpaka ujione meno.

Hasira zake nazo hazikuwa na mfano. Mwaka 1966 alimvunja pua mteja aliyegongagonga rejeta kwa pete yake na kuuliza kama ndiyo imekwisha. Mwaka 1968 alimtupa mtu kupitia dirisha la baa, na dirisha lilikuwa limefungwa. Baba alipofariki mwaka 1969 karakana ikawa yake, na alivyovivunja humo ni vingi kuliko alivyoviuza. Nakumbuka taa moja ya mbele iliyotuchukua wiki mbili. Niliing'arisha, nikamwita. Aliizungusha mara moja kwenye mwanga, akauona mshono, mwembamba kuliko unywele. Akaiweka chini, akachukua nyundo ya chuma ya kilo tatu, akaipiga mpaka ikawa kama chapati. Keith Parkes, mchomeleaji wetu, alikuwa anakula mkate wake wa nyama. Hakuacha kutafuna.

"Norman," alisema, "hii tutaiuza kama taa au kama sahani?"

"Funga domo, Keith."

"Nauliza tu, mkubwa. Nataka kujua niandike nini kwenye kifurushi."

Norman akamrushia nyundo. Ilipita bega la Keith, ikatoboa mlango. Halafu wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Watu walisema siku moja Norman ataua mtu. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana lilimfanyia kazi mbaya baadaye mahakamani.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Glenys, msichana wa Swansea ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia Norman anyamaze naye akanyamaza. Walijaliwa mtoto mmoja, Lorna, mwaka 1972. Siku ya harusi Norman alipigana na mpiga kinanda. Glenys aliinua gauni lake, akapita katikati yao, akasema, "Atakayenitia damu kwenye hili gauni atalila." Picha iliyo ukurasa wa kwanza ilipigwa dakika tano baada ya hapo. Ndiyo maana mpiga kinanda ameshika leso puani.

Sasa nimefika ukurasa wa tatu.

Jumatatu, tarehe 1 Novemba 1976, mezani kwetu palikuwa na tangi la petroli la shaba, la gari la mwaka 1903. Jumapili iliyofuata gari hilo lilitakiwa liwe barabarani kutoka London kwenda Brighton pamoja na wakongwe wenzake, na mwenye gari alikuwa amepiga simu mara tatu kabla hata ya saa nne. Tangi lilikuwa linavuja kwenye mshono wa chini. Tangi la namna hiyo huligusi kwa moto mpaka lioshwe. Unalichemsha kwenye pipa la magadi nusu siku, unalisuuza mara tatu, unaweka pua kwenye mdomo wake na kunusa. Ukiridhika unalichora duara kwa chaki, na ndani ya duara unaandika herufi ya jina lako. Huo ulikuwa mtindo wa Baba. Duara maana yake ni salama. Herufi maana yake ni kwamba nimekula kiapo, na likitokea la kutokea nitafuteni mimi. Mchomeleaji akishaliona duara haulizi tena.

Kuosha ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mimba ya miezi mitano, na harufu ya magadi ilikuwa inanitapisha. Hatua ya pipa niliiruka. Nililisuuza tangi kwa maji ya moto mara mbili, nikanusa. Asubuhi yote nilikuwa nimekaa karibu na Keith akichomelea, na moshi mweupe wa zinki unaotoka kwenye shaba ulikuwa umenijaa. Tunaoufahamu moshi ule tunajua unavyokuacha na utamu wa ajabu mdomoni na pua isiyonusa kitu, na tunajua kwamba siku hiyo hupaswi kunusa tangi. Nilijua. Nikachora duara, nikaandika B.

Keith akaja, akainama. "Ya nani hii? B. Mama kijacho. Hujachoka wewe?"

"Nimechoka na maneno yako," nikamwambia. "Choma, huyo bwana atatuua kwa simu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia Keith Parkes. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kitambaa. Sikusikia mlipuko, masikio yalijifunga kwanza. Nilijikuta sakafuni, dirisha lote likiwa mgongoni mwangu. Bamba la upande mmoja wa tangi lilikuwa limechomoka, likampata Keith chini ya kidevu, na shati lake lilikuwa linawaka. Norman alimrukia. Alizima ule moto kwa viganja vyake, akimpigapiga kifuani na kumtukana: "Amka, Keith! Amka, mjinga wewe, usinifanyie hivi!" Keith hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Viganja vya Norman vilichunika, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena maisha yake yote.

Halafu kaka yangu alilitafuta lile bamba. Alilikuta chini ya jiriwa. Duara lilikuwepo bado. Akaisugua ile B kwa kiganja kilichoungua, nikaona ngozi ikibaki kwenye shaba, akaokota chaki sakafuni akaandika N.

"Norman, unafanya nini?"

"Ni mimi niliyelichora."

"Ni mimi. Norman, ni mimi!"

Akanikamata shingoni mwa gauni kwa mkono ule ule. "Una mtoto tumboni. Utamzalia jela? Mimi watu wote wanajua ni mwendawazimu. Hakuna atakayeshangaa. Umenielewa?"

Nilielewa. Nikanyamaza. Polisi walipokuja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, nimenyamaza. Mahakamani walileta shahidi wa dirisha la baa na shahidi wa pua, nami nilikuwa nimekaa benchi la mbele na tumbo langu, nimenyamaza. Norman alifungwa miezi tisa, akatumikia sita, akatoka Septemba 1977. Mwanangu Ian, aliyebeba jeneza upande wa kushoto leo, ndiye mtoto aliyekuwa tumboni. Ian, hukuwa na habari. Usiinamishe kichwa.

Desmond, yanayofuata unayajua kunishinda, lakini wengine hawayajui. Tarehe 1 Novemba 1977, saa nne asubuhi, saa ile ile, Desmond alikuja mlangoni mwa karakana. Alikuwa na miaka ishirini na minane na mabega ya mbeba makaa.

"Wewe ndiye Norman Tranter?"

"Ndiye."

"Mimi mdogo wake Keith."

"Najua." Norman aliweka nyundo chini, akavua miwani, akaiweka kwenye mfuko wa aproni. Desmond akampiga ngumi moja tu, ya taya. Taya lilivunjika. Norman alinyanyuka kwa kushikilia mlango, akasimama wima, mikono ikining'inia. Mtu aliyekuwa akirusha watu kupitia madirisha alisimama pale, akangoja kuona kama kuna ya pili. Hakukuwa na ya pili. Desmond aliondoka, na Norman akarudi kwenye meza yake.

Mwaka uliofuata tarehe ile ile, saa nne, alikuja tena. Na uliofuata. Ngumi moja kila mwaka, hakuna maneno. Alivunja taya mara mbili, jino mara nne, mbavu mwaka 1985. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya dirisha jipya, kitambaa cha kung'arishia mkononi, nikitazama mtu mwingine akipigwa ngumi zangu. Mwaka wa tatu nilifungua mlango nitoke niseme. Norman, damu mdomoni, alinitazama tu, nami nikaufunga. Nilikuwa mwoga. Sina jina jingine la kujipa.

Glenys alivumilia mpaka mwaka 1980. "Kwa nini humrudishii?" alimuuliza mbele yangu. "Unamngoja kama unangoja posta. Mtoto anaona! Anadhani baba yake ni gunia."

"Ana haki yake."

"Na mimi haki yangu iko wapi?"

Glenys alimchukua Lorna wakahamia Swansea. Glenys, uliyeketi pale nyuma karibu na mlango, mume wako hakuwa gunia. Alikuwa anakaa mahali pangu. Nilikuwa na neno moja la kuiokoa ndoa yako, nikalimeza kila siku kwa miaka arobaini na sita. Sikuombi unisamehe leo, nakuomba tu ujue.

Tangu siku ya mlipuko marehemu hakumpiga mtu. Shaba ndiyo iliyokiona. Aliifua kwa nguvu za kutisha, akivunja na kuanza upya, na kazi zake za miaka hiyo ndizo wanazozigombania wenye magari hadi leo. Kila tangi aliliosha mwenyewe. Mimi hakuniacha niguse chaki tena, na hakuwahi kunieleza kwa nini.

Mwaka 1998 ngumi ya Desmond ilimwangusha Norman vibaya, kisogo kikagonga mguu wa meza, akalala macho meupe. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Desmond alipiga magoti akamshika kichwa, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima. "Tranter! Tranter, amka bwana, usinifanyie hivi!" Yalikuwa maneno ya Norman kwa Keith, neno kwa neno, na Desmond hakuyajua. Norman alifumbua jicho moja. "Beryl," alisema, "mpe huyu chai." Tangu mwaka 1999 Desmond alikuja kila tarehe 1 Novemba, saa nne, akanywa chai na kipande cha keki, akatazama nyundo ikifanya kazi, akaondoka. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya hali ya hewa na mpira wa timu ya Villa.

Marehemu alianza kuugua mapafu Agosti 2022. Daktari alisema ni moshi wa maisha yote. Novemba hiyo chai yao waliinywea kando ya kitanda. Februari alilazwa, na tarehe 11 Machi nilimwambia kwamba siwezi tena, kwamba nitasema. Hakuwa na pumzi ya kuinua kikombe, lakini alinikamata kifundo kwa mkono ule wenye vidole viwili visivyokunjika mpaka nikaona nyota.

"Ukisema nikiwa hai, Beryl, nakuvunja shingo."

"Na ukifa je?"

Akatabasamu na meno yale machache aliyoachiwa na Desmond. "Nikifa nitakuvunjaje, mjinga wewe?"

Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na mbili kasoro alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Mimi na Lorna tulikuwepo.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Lorna, wajukuu wawili, dada mmoja, ambaye ni mimi, mpwa mmoja, Ian, na Glenys, ambaye marehemu hakuwahi kumtafutia mbadala. Ameacha pia Bwana Desmond Parkes, ambaye kwa Novemba arobaini na sita hakukosa kumtembelea.

Desmond, tukishamzika nitasimama kwenye lango la makaburi, upande wa kulia. Nina miaka sabini na mitatu na goti bovu, kwa hiyo sitakwenda haraka popote. Kama ni chai, nimebeba. Kama ni lile jingine, usiangalie kwamba mimi ni mwanamke. Miwani yangu hii hapa, nimeshaivua, na haya ya mwisho nayasema bila kuyasoma.

Watakaopita karibu na jeneza wataona kibao cha shaba chenye jina lake. Nilikifua na kuking'arisha mwenyewe, na mshono hawatauona. Chini ya jina kuna duara la chaki. Lorna alitaka kulifuta asubuhi hii akidhani ni uchafu, nikamzuia. Ndani yake nimeandika B.

Lala, kaka. Herufi yangu nimeirudisha.